Laptopu mpya ya chama: tuipige Windows 10 au tuiache na 11?

Karani wa Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Msimu huu wa korosho wa 2026 umeshapiga hodi, tumenunua laptopu mpya Mtwara mjini, imekuja na Windows 11. Ile ya zamani ilikuwa na Windows 7, imekufa bodi. Tatizo: programu yetu ya kuandikia mizigo ya wakulima haifunguki kwenye hii mpya, na printa ya utepe haionekani kabisa. Fundi anasema atoe 11 apige 10, elfu ishirini, saa moja kazi imekwisha. Mwenyekiti hataki kitu kipya kiguswe. Kamati inakaa Jumamosi. Nisaidieni.

Fundi wa Chikongola
Dada, piga 10 uendelee na maisha. Kama hiyo mashine ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, Windows 11 itakutesa. Hicho ndicho kiwango chao cha chini kabisa, ukifungua kivinjari na Excel pamoja unasubiri kama unasubiri kivuko. Kila wiki naletewa laptopu za namna hiyo.

Mwalimu Masasi
Fundi, mbona husemi kwamba Windows 10 ilishaachwa? Tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa masasisho ya bure kwa kila mtu. Unampigia mwenzako nyumba iliyotolewa mlango.

Fundi wa Chikongola
Mwalimu, ukijisajili unaongezewa viraka vya usalama. Usitishe watu.

Mwalimu Masasi
Unaongezewa hadi Oktoba hii ya 2026. Yaani viraka vinakatika minada ikianza. Karani atakuwa na majina na akaunti za benki za wakulima wa kijiji kizima kwenye mashine isiyolindwa. Hilo ni sawa kwako?

Pwani ya Lindi
Mnagombania 10 na 11, hakuna aliyeuliza programu yenyewe ni ya mwaka gani. Kama ni ya biti 16, zile za enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, haifunguki kwenye Windows yoyote ya biti 64. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Windows 10 ipo ya biti 32 pia, lakini mafundi wengi wanapiga ya 64. Dada Karani, ukiibofya inakuandikia nini?

Mtoto wa Kariakoo
Watu wa kusini mna mambo. Korosho ikilipa mnanunua kipya, mkifika nacho nyumbani mnataka kukirudisha kizamani. Ndio nyie wa kunywesha mbuzi bia. Huku mjini watu wameshasahau hiyo 10.

Binti Newala
Wewe Kariakoo, huyo mbuzi ulimwona kwa macho yako? Kila korosho ikipanda lazima mtu wa Dar atuletee mbuzi. Baba yangu amesomesha watoto watano kwa mikorosho, na mimi nikiwemo, na sijawahi kuona kreti la bia kwenye zizi letu.

Mtoto wa Kariakoo
Dada, ni utani tu, punguza hasira.

Binti Newala
Utani unaomfanya mkulima aonekane hana akili si utani. Msimu wa 2024 korosho zetu ziliuzwa kwa mfumo wa mtandaoni wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, bei inaonekana papo hapo, na ilivuka 4,000 kwa kilo. Nani wa zamani hapo?

Mzee wa Mikindani
Wanangu, tulieni. Kurudi nyuma si ushamba. Windows Vista ilipotoka 2007, maofisi makubwa duniani yaliikataa yakabaki na XP iliyoitangulia, na watengenezaji wa laptopu wenyewe wakaanza tena kuuza laptopu zenye XP. Walioikataa hawakuwa watu wa mikorosho. Mtu anachagua chombo kinachomfikisha.

Mwalimu Masasi
Shikamoo Mzee. Umesema kweli, ila mwaka 2007 XP ilikuwa bado inalindwa, imekuja kuachwa 2014. Hapo ndipo tofauti ilipo. Halafu Kariakoo, mwaka 2018 wakulima waligomea bei ya mnada mpaka serikali ikatangaza 3,300 kwa kilo. Watu wanaojua kuhesabu namna hiyo hawapotezi bia kwa mbuzi.

Fundi wa Chikongola
Hiyo 3,300 ya 2018 wengine walikaa miezi hawajalipwa, tusipambe. Turudi kwenye mada. Mwalimu, nani kakwambia mafundi tunatoa milango ya watu? Nimeanza kazi hii nikiwa na bisibisi moja na flashi moja. Leo kuna wanafunzi wa chuo wanamaliza utafiti wao kwa sababu yangu.

Mwalimu Masasi
Sijakutukana. Nauliza tu: Windows unayompigia ina leseni? Haki ya kurudi toleo la nyuma inakuja na Windows ya aina ya Pro. Laptopu nyingi za bei ya chini zina aina ya Home, haina haki hiyo. Utampigia ya kukraki, mali ya chama, na mkaguzi akija atajibu nani?

Fundi wa Chikongola
Mkaguzi anakagua magunia, hakagui leseni.

Binti wa Nachingwea
Fundi kuwa makini. Mimi lilinikuta. Fundi mmoja aliingia kwenye BIOS, mipangilio ya kuwashia, ya laptopu yangu mpya akabadilisha kitu ili iwake kwa flashi. Ikaja skrini ya buluu inadai namba ya kufungulia diski: tarakimu 48, mafungu manane ya sita sita. Namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mara ya kwanza, na aliyeiwasha ni muuzaji wa dukani, kwa akaunti yake. Namuuliza, hakumbuki hata neno la siri. Nilikaa na ile skrini mpaka alfajiri, data za wagonjwa 112 za utafiti wangu ziko ndani na siwezi kuzigusa. Ikabidi kufuta kila kitu. Dada Karani, kabla ya mtu yeyote kugusa, hakikisha akaunti ni ya chama na hiyo namba mmeiandika kwenye karatasi.

Mtoto wa Kariakoo
Pole sana dada wa Nachingwea. Hili sikulijua, na yangu pia iliwashwa dukani.

Binti Newala
Kumbe mjini nako hamjui yote.

Mzee wa Mikindani
Binti yangu, basi, ameshaonyesha uungwana.

Binti Newala
Mzee, uungwana ni kuomba radhi. Kasema pole kwa mwingine.

Karani wa Tandahimba
Samahanini, umeme ulikatika tangu asubuhi. Nimesoma yote. Pwani ya Lindi, nimebofya ile programu tena, inasema haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii, nikamuulize mtengenezaji wake toleo linalofaa. Printa ina waya mnene wenye meno mengi, na laptopu haina tundu lake popote. Akaunti nimeangalia, kuna barua pepe nisiyoijua.

Pwani ya Lindi
Basi jibu unalo, hiyo ni dalili ya biti 16. Hata ukipigiwa 10 ya biti 64, programu haifunguki, na hakuna Windows itakayokutobolea tundu la printa. Elfu ishirini ingekwenda bure. Badilisha hiyo akaunti leo hii. Kwa msimu huu tafuta kompyuta ya mezani ya zamani yenye Windows 7 ya biti 32, msiiunganishe na intaneti kamwe, iwe ya kuandikia na kuchapa risiti tu. Laptopu ibaki na 11 kwa barua pepe na mambo ya benki.

Fundi wa Chikongola
Kama ni biti 16, nakubali, ningempigia bure. Dada, ninayo kompyuta ya mezani ya namna hiyo hapa kibandani, tundu la printa lipo. Njoo na programu kwenye flashi tuijaribu mbele yako kabla hujatoa hela.

Karani wa Tandahimba
Asante kaka. Ijumaa nashuka Mtwara, na printa naibeba.

Binti Newala
Kariakoo, bado nasubiri.