Polisi wakikosea nyumba wakamuua mwenye nyumba, nani anawajibika?

mama_Neema_TX

Wakuu habari za humu. Naomba msaada hasa mlioko Marekani na mnaoelewa sheria hata kidogo. Tumehamia kwenye nyumba yetu hapa Texas, zamani tulikuwa apatimenti, na baba Neema kanunua bastola anaiweka chumbani. Mimi siipendi ila tulishabishana yakaisha.

Sasa nimekaa nikaangalia ile video ya Farmington, New Mexico, ya April 5, 2023, na tangu hapo usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Kwa ambao hamuijui, polisi waliitwa kwenye ugomvi wa kifamilia nyumba namba 5308 Valley View Avenue, wao wakaenda 5305 ng'ambo ya barabara. Ni kama saa tano na nusu usiku. Wanagonga, wanasema ni polisi, kimya, wanagonga tena. Yani kwenye video unawasikia kabisa wameanza kuwa na wasiwasi na namba wanamuuliza yule wa redio awathibitishie!! Wakati wanarudi nyuma mlango unafunguka, mwenye nyumba Robert Dotson, miaka 52, baba wa watoto wawili, ametoka na bastola mkononi kama mtu yeyote aliyeamshwa usiku ule, risasi zikamkuta hapohapo mlangoni. Mke wake anashuka anamkuta mume yuko chini, hajui nani kampiga, anafyatua kuelekea gizani, polisi nao wanamrudishia. Mungu tu hakupigwa. Alipoambiwa kuwa ni polisi akaweka silaha chini. Watoto wako ndani.

Askari hawakushtakiwa kwa jinai, na 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema wana kinga hata kwenye madai. Sasa mimi nauliza, marehemu yuko kwake, hakuna alichokosa, bastola nyumbani kwako nchi hii ni haki ya kikatiba, aliyekosea namba ni polisi. Inakuwaje mzigo wote unabebwa na aliyekufa? Na sisi akigonga mtu usiku tufanyeje?

Afande_Mstaafu

Mama Neema pole kwa kukosa usingizi. Mimi nimevaa gwanda miaka mingi huku Tanzania, si Marekani, lakini mlango ni mlango popote. Wito wa mume na mke wanapigana ni moja ya wito tunazoziogopa kuliko hata wa jambazi, maana hujui ndani kuna nini na ukifika wote wawili wanaweza kukugeuka. Umesimama kwenye mwanga hafifu, mlango unafunguka, unaona mtutu. Hapo hakuna cha kufikiri namba ya nyumba. Ninyi mnaangalia video mmekaa kwenye sofa mnarudisha nyuma mnasimamisha, yule askari hana kitufe cha kusimamisha.

Sisemi marehemu alikosea. Nasema msimfanye askari muuaji kwa sababu ya bahati mbaya.

Wakili_wa_Mtaa

Afande nakuheshimu ila hapo umegusa penyewe bila kujua. Hicho ulichosema ndicho sheria ya Marekani inachosema, na ndo tatizo lenyewe.

Mimi si wakili kamili jina ni mbwembwe tu, nafanya kazi za kuandaa majalada ofisi ya sheria Arizona. Iko hivi. Tangu 1989 kwenye kesi ya Graham v. Connor mahakama kuu ya Marekani ilisema nguvu aliyotumia polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale, si kwa macho ya aliyekaa baadaye na kujua yote. Ukiisikia ina mantiki. Lakini mahakama nyingi zikaibana mpaka ikawa wanaangalia sekunde ile tu, mtutu umeonekana, risasi zimetoka, basi. Yote yaliyotangulia, kwamba ulipewa namba sahihi kwenye redio ukaenda nyumba ingine, kwamba ulishaanza kushtuka mwenyewe kuwa pengine si hapa na ukaendelea kugonga, yanawekwa pembeni. Kwa hiyo kesi inaanza pale mlango unapofunguka, na ukianza kuhesabu pale mwenye nyumba lazima ashindwe maana yeye ndo anaonekana ameshika silaha.

Afande anasema bahati mbaya. Bahati mbaya ni ule mlango kufunguka sekunde ile. Kukosea nyumba ni kazi iliyofanywa vibaya, tena na watu waliokuwa na muda, hakuna aliyekuwa anawarushia risasi wakati wanatafuta namba mtaani.

Habari njema kidogo: Mei 15, 2025 mahakama kuu hiyohiyo ya Marekani kwenye kesi ya Barnes v. Felix, imetoka Texas kwako mama Neema, majaji wote tisa walikataa huo mtindo wa kuangalia sekunde ya hatari peke yake. Walisema angalia mazingira yote. Ila usishangilie sana, swali la askari aliyejitengenezea hatari mwenyewe waliliacha wazi, hawakuligusa.

Sasa hiyo kinga, yaani ngao inayomfanya askari asidaiwe fidia, kwa Kiingereza qualified immunity. Familia inashtaki kwa sheria ya mwaka 1871 inayokuruhusu kumdai askari aliyevunja haki yako ya kikatiba, ndo mnasikia kifungu 1983, ilitungwa enzi za Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi. Kinga yenyewe haimo kwenye hiyo sheria, ilikuja kuletwa na majaji miaka ya sitini. Ili uivuke lazima uoneshe haki iliyovunjwa ilikuwa imeshawekwa wazi na mahakama kwenye tukio linalofanana sana. Kama hakuna tukio linalofanana ndo umekwama, na kwa kuwa umekwama na la kwako haliwi mfano kwa anayekuja. Hapo Farmington jaji akaona kwa waliyoyaona askari wakati ule kufyatua hakukuwa kinyume cha katiba. Mawakili wa familia wakasema wanakata rufaa.

Kongowea254

Maze hii story inauma. Lakini msidhani ni Amerika pekee, sisi Kenya tuna yetu na hata bastola hatuna kwa nyumba. Yassin Moyo, miaka 13, Machi 2020, kafyu ya korona haijamaliza hata wiki. Alikuwa amesimama kwa balcony ya kwao Kiamaiko pale Nairobi na ndugu zake wanaangalia polisi wakifukuza watu huko chini. Risasi ikampata tumboni. Polisi wakasema ni risasi iliyopotea njia. Sasa niambie risasi ikipotea inapanda floor za juu kutafuta mtoto?

Tofauti iko hapa. Sisi tuko na IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, sheria yake ni ya 2011, na sheria ya polisi ya mwaka huohuo inasema askari akiua mtu ama amuumize vibaya lazima IPOA iambiwe, na kusema nilipewa order na mkubwa si kisingizio. IPOA ikachunguza, Juni 2020 askari akapelekwa kortini kwa kosa la mauaji. Sisemi system yetu ni safi, kesi zinakaa mpaka mashahidi wanachoka, na hiyo ya kuambia IPOA wengi hawafanyi. Lakini angalau kuna ofisi si ya polisi yenye kazi yake ni hiyo.

Alafu kuna Arshad Sharif, yule mwanahabari wa Pakistan, Oktoba 2022 kwa kizuizi Kajiado. Walisema walidhani ni gari imeibwa. 2024 High Court Kajiado ikasema ilikuwa kinyume cha sheria, mjane alipwe milioni 10. Walikosea gari, sawa, lakini hata ingekuwa hiyo gari ya wizi, adhabu ya kuiba gari ni kupigwa risasi kichwani tangu lini?

Afande_Mstaafu

Hapo kwa gari nakubaliana na wewe. Ila ya kwenye roshani na ya Farmington si kitu kimoja, yule mtoto hakuwa na chochote mkononi.

dogo_wa_Mabibo

Afande tuambie basi na huku kwetu, ofisi ya hivyo iko wapi? Akwilina alikuwa ndani ya daladala Kinondoni Februari 2018, mwanafunzi wa NIT (chuo cha usafirishaji), polisi wanatawanya wafuasi wa Chadema, risasi ikamkuta kwenye siti. Jalada la askari likafungwa. Tume ya haki za binadamu ipo ndiyo lakini yenyewe zaidi inashauri, mwenye rungu ni DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, na anayempelekea DPP upelelezi ni polisi haohao. Kesi ya nyani hakimu ngedere. Hata ile ya wafanyabiashara wa madini wa Mahenge 2006, polisi walisema ni majambazi, ikabidi Rais Kikwete aunde tume ya Jaji Kipenka ndo ukweli utoke, na mpaka mahakama ya rufani imtie hatiani mmoja wao ilikuwa 2016. Miaka kumi!

Afande_Mstaafu

Dogo hayo siyo ya uzi huu.

dogo_wa_Mabibo

Ndo ya uzi huu haswa mzee wangu. Uzi unauliza nani anawajibika.

mutoto_ya_Kivu

Bandugu miye niko Michigan. Ya Patrick Lyoya haikukuwa ya nyumba, ilikuwa ya gari, lakini niseme juu inatugusa sisi benye tulikimbia vita. Familia yake ilifika huku 2014 kutoka Congo. April 4, 2022 hapa Grand Rapids, polisi alimusimamisha, bakavutana, akamupiga risasi kwa nyuma ya kichwa wakati amelala chini. Baba yake alikuwa anaongea Swahili kwa wandishi wa habari, mutafsiri iko pembeni. Uyo polisi alishitakiwa, kesi ikafika Mei 2025, juri haikupatana, na prosekyuta akasema hatarudilia. Basi ikaisha vile. Mama Neema, kushitakiwa peke yake haitoshi.

mama_Neema_TX

Jamani asanteni, mmenifungua macho ingawa moyo umezidi kuwa mzito. @Wakili_wa_Mtaa kwa hiyo hakuna askari aliyewahi kufungwa kwa kumuua mtu kimakosa nyumbani kwake? Na zile milioni za dola tunazosikia zinatoka mfukoni kwa nani?

Wakili_wa_Mtaa

Wapo waliofungwa, wachache. Amber Guyger wa Dallas 2018, huyu hakuwa hata kazini, ametoka shifti akaingia apatimenti ya Botham Jean akidhani ni yake, floor si yake, akamuua, alipata miaka 10. Na Fort Worth, Oktoba 12, 2019, hii mama Neema iangalie vizuri ni jimbo lako. Jirani aliona milango ya Atatiana Jefferson iko wazi usiku wa manane akapiga simu ya kawaida ya polisi si ile ya dharura, waende tu wakamwangalie. Askari Aaron Dean akazunguka uani bila kusema kuwa ni polisi. Dada wa watu miaka 28 alikuwa anacheza gemu na mtoto wa ndugu yake wa miaka 8, akasikia mtu nje, akachukua bastola yake asogee dirishani. Dean akapiga kelele onesha mikono na kupiga risasi hapohapo. Alihukumiwa Desemba 2022 kwa kuua bila kukusudia, miaka 11, miezi 10 na siku 12.

Linganisha na Farmington. Wote wawili waliouawa walikuwa na bastola kwao wenyewe. Kilichomponza Dean ni kwamba hakujitambulisha, wa Farmington walijitambulisha, ingawa familia ilidai mzee aliyeko ghorofani usiku hakusikia na alipofungua alimulikwa tochi usoni. Kwa hiyo neno "polisi" likisemwa mlangoni, hata mlango usio wenyewe, linawasafisha sana. Hilo mimi siliafiki kabisa. Kumtangazia mtu ambaye hukutumwa kwake hakupunguzi kosa, ye anajua hajaita polisi, kwa hiyo ndo kwanza atadhani ni wahuni wanajifanya polisi.

Hela: mfukoni kwa walipa kodi na bima ya mji. Profesa Joanna Schwartz wa chuo kikuu cha UCLA aliangalia idara kubwa na ndogo kwa miaka ya 2006 hadi 2011 akakuta askari wenyewe kwenye zile idara kubwa walilipa asilimia 0.02 ya hela zote. Mji wa Louisville ulilipa familia ya Breonna Taylor, dada aliyeuawa na polisi nyumbani kwake, dola milioni 12 mwaka 2020, hakuna askari aliyechangia hata senti. Ndo maana mimi mtu akiniambia familia imelipwa sisemi wamewajibika, nauliza nani kapunguziwa cheo, na ule utaratibu wa kuthibitisha adresi kabla ya kugonga umebadilishwa ama la.

New Mexico wenyewe wana sheria ya jimbo tangu Julai 1, 2021, kwenye mahakama ya jimbo ile kinga haikubaliki kama utetezi. Unashtaki taasisi si askari, na kikomo kilianza na dola milioni 2. Texas hamna kitu kama hicho.

Afande_Mstaafu

Hapo kwenye adresi nakuunga mkono. Mimi ningekuwa mkuu wao, hata kama mahakama imewaachia, yule aliyeongoza gari angenieleza kwa maandishi alisomaje namba. Hiyo ni nidhamu ya kazi, haihitaji jaji.

Wakili_wa_Mtaa

Sasa tumeelewana afande.

Mama Neema kuhusu usiku: akigonga mtu hulazimiki kufungua mlango. Piga 911, namba ya dharura, mwenyewe, taja adresi yako, uliza kama wana askari waliotumwa hapo. Wakisema ndiyo, waambie uko ndani na una silaha imefungiwa, ongea kupitia dirishani au kamera ya kengele. Baba Neema asiende mlangoni nayo mkononi, najua hatapenda kusikia, na haki anayo, lakini haki utaidai ukiwa hai. Na likitokea lolote kwa yeyote humu, angalieni tarehe. Kifungu 1983 Texas ni miaka miwili, New Mexico mitatu. Ila kwa madai ya kawaida ya fidia chini ya sheria ya jimbo (tort claims) kuna notisi ya maandishi kwanza, New Mexico siku 90, miezi sita kama kuna kifo, Texas miezi sita na miji mingine wameweka muda mfupi zaidi kwenye katiba zao. Watu wanakuja ofisini wana video, wana mashahidi, wana kila kitu, notisi imepitwa na wiki mbili.