Tupeane uzoefu: kusafisha picha (kuzitoa kwenye karatasi) na kuzigawa, Mtwara na Lindi

Mwanzisha uzi, Shangani
Wakuu, harusi na unyago zinapita, picha zinabaki ndani ya simu mpaka siku simu inapotumbukia majini kwenye pantoni ya Msangamkuu. Picha ya karatasi bibi anaishika, anaisogeza dirishani, inazunguka mkeka mzima kabla chai haijapoa. Tuwekeane hapa mbinu zinazofanya kazi.

Naanza na faili. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, yaani nukta 300 kila inchi. Ya 8 kwa 10 inataka 2400 kwa 3000. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshakamuliwa. Mwambie aliyepiga aitume kama dokumenti.

Mpiga picha, Lindi mjini
Umenena, mkuu. Niongeze kwenye kukata: simu nyingi hupiga kwa uwiano wa pande wa 4 kwa 3, karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha ya kulala hukatwa juu na chini, ndipo vilemba na miguu vinapopotea. Ya kusimama hukatwa pembeni, anaondoka shangazi wa mwisho. Acha nafasi wakati wa kupiga, au omba mpaka mweupe.

Kingine ni giza. Kioo cha simu kinawaka, karatasi haiwaki. Punguza mwanga wa simu hadi nusu ndipo uihukumu picha. Watu waliosimama chini ya mkorosho saa sita mchana, ng'arisha uso tu. Ukiinua picha nzima, kanzu inabaki doa jeupe lisilo na mikunjo.

Fundi printa, Masasi
Karatasi ina upande mmoja wa kupokea wino. Lowesha kidole kidogo, gusa kona: upande unaonata ndio wenyewe. Kisha chagua aina hiyohiyo ya karatasi kwenye kompyuta. Ukiacha "karatasi ya kawaida" juu ya glosi, yaani karatasi ya kung'aa, rangi hupauka au wino hutuama. Printa isikae wiki bila kutoa hata ukurasa mmoja wa majaribio, matundu yataziba, na kuyazibua kwa kusafisha hedi (kichwa kinachotoa wino) kunakula wino mwingi.

Mtunza albamu, Mikindani
Adui wetu huku pwani ni unyevu. Picha ya printa ya wino iache wazi saa 24 kabla ya kuiweka kwenye fremu, la sivyo mvuke unanasa ndani na kioo kinaota ukungu. Picha isiguse kioo kamwe: kati yake na kioo weka kadi iliyokatwa dirisha. Fremu isitundikwe ukuta unaopigwa na jua wala unaovuja masika. Albamu za kurasa zenye gundi mimi nazikataa kabisa, gundi hugeuka manjano na picha haitoki tena. Za mifuko ni bora.

Nyuma ya picha andika majina, mahali na mwaka, kwa kalamu ya wino wa kudumu, pembeni, isikandamizwe. Peni ya kawaida huacha mfereji unaoonekana mbele, na wino wake ukiwa mbichi huchafua picha ya chini yake.

Mwanzisha uzi
Dada, na ya zamani iliyogandia kwenye kioo?

Mtunza albamu, Mikindani
Usiivute, kaka. Kwanza ipige picha hapohapo juu ya kioo, kando ya dirisha lisilo na jua, ukivaa nguo nyeusi ili usijione kwenye kioo. Simu iwe sambamba na kioo, taa ya simu imezimwa. Toa nakala hiyo kwenye karatasi, uigawe kwa wenyewe. Ile ya asili iache na kioo chake. Watu huitia majini ibanduke, na kwa picha za studio za zamani huweza kufaa, lakini ya printa ya wino huweza kuyeyuka rangi yote.

Mpiga picha, Lindi mjini
Na nakala zitoke mbili tangu mwanzo: moja ya aliyepigwa, moja ya mama yake.