Pensheni kwa kila mzee wa Bara, au dawa kwanza?

Mzawa wa Kusini:
Wakuu, Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 Pensheni Jamii, awe tajiri awe fukara, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Bara tuna TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini, na msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea. Ugomvi wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, unawahusu wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSSSF na NSSF. Wakulima wa korosho na wavuvi wengi hawamo. Je, tuanze kumlipa kila mzee, au fedha hiyo iende kwanza hospitali?

Fundi Dawa:
Dawa kwanza. Anayesamehewa hulipiwa na nani? Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa (MSD), na ukiacha mgao wa serikali, fedha yake ni ile inayoletwa na wagonjwa na bima. Mzee wa msamaha anatumia dawa lakini haachi senti, kwa hiyo kituo chenye wazee wengi ndicho kinachokaukiwa mapema. Dirisha la wazee linamwahisha tu kufika pale anapoambiwa "dawa imeisha, kanunue nje".

Na presha si malaria, kwamba umeze siku tatu umemaliza. Amlodipini ni kidonge kimoja kila siku, maisha yote. Kituo kikibana akiba kinampa vidonge 10 badala ya 30; safari moja ya bodaboda inakuwa tatu, mwezi wa pili haji. Hasikii maumivu popote, anadhani amepona, mpaka apooze upande mmoja. Hapo familia inatafuta mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda. Wengine hujinunulia diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, duka la dawa: inapandisha presha, na kama anatumia losatani ya presha pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kufeli.

Mkokotozi:
Mkuu, hiyo nauli ya bodaboda inatoka wapi kama si pensheni? Tupige hesabu. Kila wazee milioni moja kwa 20,000, miezi 12, ni bilioni 240. Kwa 50,000 ni bilioni 600. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, kwa hiyo tunazungumzia kama asilimia 0.5 au 1.2 yake kwa kila milioni hiyo ya wazee. Si hela ndogo, ila si jinamizi tunalotishiwa nalo.

Na tusianze "tuwape maskini tu". Kupima umaskini wa mzee kijijini ni gharama na ni fitina: anayeishi kwa mwanawe mwenye bati na pikipiki anakatwa, ilhali mkononi hana hata mia. Umri ni kigezo kimoja, hakibishaniwi.

Bint Shehia:
Hakibishaniwi? Hapo ndipo kazi ilipo! Huku Zanzibar wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho ni wa kukadiria. Linalosaidia ni kumuuliza kwa matukio mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa: wakati wa Mapinduzi, 1964, alikuwa skuli, keshaoa, ana mtoto?

Halafu kuna vifo. Familia inayopokea haina haraka ya kuripoti, kwa hiyo orodha ihakikiwe nyumba kwa nyumba angalau mara mbili kwa mwaka. Asiburutwe mzee kitandani kwenda kuthibitisha kuwa yu hai. Na kiwango: 20,000 yetu iliganda miaka mingi huku mchele unapanda. Mkiandika sheria, ongezeko liandikwe humo humo, lisingoje hotuba.

Mwanamvita:
Huku Kenya Inua Jamii ya miaka 70 kwenda juu ipo tangu 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kinachoumiza zaidi ni malimbikizo. Pesa ikichelewa miezi kadhaa kisha ikaja kwa mkupuo, mzee keshakopa unga na mafuta, na zote zaishia kwa mwenye duka. Afadhali kidogo chenye tarehe.

Msitegemee alama za vidole peke yake. Aliyelima au kuvuta nyavu maisha yake yote, vidole vimesagika, mashine haimsomi. Awe na mtu aliyemteua mwenyewe, ameandikishwa mapema, na wa pili wa akiba iwapo wa kwanza atasafiri.

Fundi Dawa:
Nauli nakubali. Lakini hela hainunui dawa ambayo haipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023. Serikali imlipie kila mzee mchango. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, yaani mwezi mmoja na nusu tu wa hiyo pensheni ya 20,000.

Mkokotozi:
Hiyo ni 5,000 kwa kichwa, na ilibebwa na vijana wasiougua. Sajili wazee watupu kwa bei hiyo uone mfuko utadumu miezi mingapi. Mchango wa mzee ukokotolewe kwa presha, sukari, mtoto wa jicho na tezi dume, ndipo tulinganishe na pensheni.

Mzawa wa Kusini:
Mtunzaji hamjamgusa. Ujerumani tangu 1995 wana bima ya utunzaji. Japani ilianza 2000, kila aliyefika miaka 40 huchangia, na inamleta mtu nyumbani kuogesha na kulisha. Kwetu kazi hiyo hufanywa bure na binti aliyefunga genge lake. Hata 50,000 haitoshi kumlipa dada wa kazi, achilia mbali pampasi za wakubwa. Fundi, bima yako itamlipa huyo binti, au inaishia getini mwa hospitali?