Deki za Blu-ray zinaikataa video ya taarab ya fremu 25 kwa sekunde

Mwana wa Wete

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa kutayarisha diski za Blu-ray. Ninayo rikodi ya taarab iliyopigwa ukumbini Unguja, yenye urefu wa saa mbili na dakika ishirini. Wazee wa kikundi wametaka ihifadhiwe katika diski yenye picha ya ubora wa juu: nakala moja ibaki katika kabati la kikundi, na nyengine ipelekwe Maskati kwa jamaa zetu, ambao deki yao haina tundu la kuchomekea flashi.

Picha ni 1920 kwa 1080, fremu nzima 25 kwa sekunde. Sauti ilirikodiwa mbali, moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya ukumbi, kwa kilohezi 48. Video niliigeuza kuwa H.264, ambao ni mfumo wa kubana video, kwa programu ya kawaida ya kugeuzia video, sauti ikawa AAC, ambao ni mfumo wa kubana sauti, kisha nikapanga mafaili na kuchoma. Kompyuta inaicheza diski hiyo bila ya taabu yoyote. Deki ya kwanza inasema diski haisomeki. Ya pili inatoa picha bila ya sauti, na kila akina mama wanapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji picha inakatikakatika, mpaka mwisho inaganda.

Mtu mmoja amenishauri niipunguze kasi video iwe ya fremu 24, kwa hoja kwamba Blu-ray haitambui 25. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, hakuna njia nyengine?

Fundi wa Mkunazini

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Aliyekwambia kwamba Blu-ray haitambui fremu nzima 25 katika 1080 amesema kweli, ila dawa aliyokupa siyo. Katika ukubwa wa 1920 kwa 1080, kiwango cha Blu-ray kinakubali fremu nzima kwa kasi mbili tu, yaani 24 na 23.976. Kasi nyengine zinazoruhusiwa katika ukubwa huo ni za mistari inayopishana: nusu-fremu 50 kwa sekunde, au 59.94. Kwa hiyo video yako ni nzuri, lakini imebisha hodi kwa jina ambalo halimo katika orodha.

Njia iliyo sahihi ni kuacha fremu zako 25 kama zilivyo na kuzitambulisha kwa deki kama nusu-fremu 50. Kila fremu hugawiwa mistari yake, ya shufwa na ya witiri, na kwa kuwa nusu zote mbili zimetoka katika fremu moja, televisheni ikiziunganisha inapata picha nzima ile ile. Hapana kinachopotea. Katika x264, ambayo ni programu huria ya kusimba H.264, kazi hii inafanywa na amri ya `--fake-interlaced`, iliyowekwa kwa ajili ya hali kama yako hasa. Usimbaji wenyewe unabaki wa fremu nzima. Kinachobadilika ni alama zinazoandikwa ndani ya mkondo wa video.

Sasa tuje kwenye kukatikakatika, maana hilo ni jambo jengine kabisa na ndilo linalowasumbua wengi. Deki si kompyuta. Ina hazina ndogo ya kumbukumbu iliyopimwa, na kiwango kinaweka mipaka ili hazina hiyo isikauke wala isifurike: video isivuke megabiti 40 kwa sekunde, na hazina isihesabiwe zaidi ya megabiti 30. Ni sawa na tangi la maji juu ya paa. Mfereji unaweza kuwa unaingiza maji ya kutosha kwa siku nzima, lakini nyumba nzima ikifungua mabomba kwa pamoja, tangi linakauka ingawa hesabu ya siku iko sawa. Hicho ndicho kinachotokea katika rikodi yako. Mwimbaji akiwa amekaa na nyuma yake pazia limetulia, fremu zinahitaji biti chache. Akina mama kumi wakiinuka pamoja, nguo zina vimetameta, noti zinapepewa hewani, taa za jukwaani zinapiga kila kimeta, na kamera nayo inawafuata, basi kila sehemu ya picha inabadilika kila fremu. Programu uliyotumia imeachiwa ilinde ubora bila ya kuwekewa kikomo, nayo imemwaga biti nyingi mno pale pale. Kompyuta imehimili, deki haikuhimili.

Kwa hiyo lazima uweke vikomo hivyo kwa mkono: `--vbv-maxrate` na `--vbv-bufsize`. Mwisho unaoruhusiwa, kwa hesabu ya kilobiti, ni 40000 na 30000, lakini kwa diski ya kuchoma nyumbani mimi siufikii mwisho huo. Naishia 30000 katika cha kwanza, kwa sababu diski ya kuchoma haisomeki kwa wepesi wa diski ya kiwandani, hasa ikishapata mikwaruzo.

Yako mambo mengine yasiyopuuzika. Daraja la usimbaji liwe High 4.1, na kwa daraja hilo kila picha igawiwe vipande visivyopungua vinne. Fremu kamili ya kuanzia, ile inayojitegemea bila ya kuangalia nyuma, ije kila baada ya sekunde moja, yaani `--keyint 25` kwako wewe. Ukiwa chini ya megabiti 15 kwa sekunde katika kilele ndipo unaporuhusiwa sekunde mbili. Programu nyingi za kugeuzia video zinaacha nafasi hiyo iwe fremu 250, ambazo ni sekunde kumi, na naona hilo pekee linatosha kuifanya deki kali ikatae. Rangi ziandikwe kuwa ni za BT.709, yaani kiwango cha rangi cha picha za ubora wa juu. Na fahamu kwamba amri ya `--bluray-compat` haimalizi kazi yote, ingawa jina lake linaahidi mengi: inadhibiti idadi ya fremu za marejeo na mambo kadhaa ya ndani, lakini vikomo vya biti, daraja, vipande na nafasi ya fremu za kuanzia vyote unabaki kuviandika wewe mwenyewe.

Bibi wa Mtoni

Namuunga mkono Fundi, na ningependa kueleza kwa nini ule ushauri wa fremu 24 haufai hasa kwa taarab. Ukiipunguza kasi video kutoka 25 hadi 24, na sauti ukaiacha ifuate, kila sauti inashuka kwa asilimia 4, ambayo ni karibu theluthi mbili ya nusu-toni. Kwa hotuba, wasikilizaji wengi hawatatambua. Lakini hapa pana kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, iliyotiwa sauti kwa makini, pana fidla zinazocheza na robo-toni za maqamu, na pana wazee waliopiga nyimbo hizo tangu ujana wao. Mpiga udi akiisikiliza diski hiyo huku udi wake uko magotini, atajua papo hapo kwamba chombo na diski havikubaliani. Ipo njia ya kurefusha sauti bila ya kuishusha, lakini inaziharibu zile nyuzi zinazodonolewa: ule mdonoo wa kwanza wa kanuni unatoka butu. Rikodi ya kuhifadhiwa haistahiki kufanyiwa hivyo.

Ukimya wa sauti katika deki ya pili unatokana na AAC, ambayo haimo katika sauti zinazokubalika kwa Blu-ray. Zinazokubalika ni pamoja na Dolby Digital, ambayo kwa Blu-ray inafika kilobiti 640 kwa sekunde, DTS, na sauti isiyobanwa, LPCM. Kwako nachagua LPCM bila ya kusita. Sauti ya pande mbili, kilohezi 48, biti 16, inakula megabiti 1.5 tu kwa sekunde, na katika diski ya gigabaiti 25 hiyo ni gharama ndogo. Tafadhali rudi kwenye faili la asili la mitambo. Usiitoe LPCM kutoka kwenye ile AAC, kwani kilichokwisha kutupwa hakirudi kwa kubadilisha jina la faili.

Kwa wengine watakaosoma hapa: kama sauti yenu ni ya kilohezi 44.1, kama ilivyo katika sidii za muziki, ibadilisheni iwe 48 kwanza, kwa sababu 44.1 haimo katika kiwango hiki.

Msomaji wa Chake

Nina mawili. La kwanza ni nyongeza kwa wanaorikodi mambo ya mwendo wa haraka, kwa mfano mchezo wa ng'ombe huku kwetu Pemba. Kamera nyingi siku hizi zinatoa fremu nzima 50 kwa sekunde katika 1080, na hizo pia hazimo katika kiwango cha Blu-ray. Mtu akizipunguza kuwa 25, ng'ombe anapogeuka ghafla picha inaruka. Hapo kuna njia mbili za haki: kuzifanya nusu-fremu 50 za kweli, kila fremu ikatoa nusu ya mistari yake, au kushuka kwenye 1280 kwa 720, ambako fremu nzima 50 zinaruhusiwa. Mimi napendelea 720 kwa mchezo wa ng'ombe, kwa sababu vumbi na manyasi vikikatwa mistari vinatetemeka. Video za simu nazo zina tabia ya kubadilisha kasi ya fremu zenyewe kwa zenyewe. Zitulizwe kwanza kwenye kasi moja isiyobadilika, la sivyo sauti itaachana na midomo.

La pili ni swali. Diski tupu za Blu-ray hazipatikani kwa urahisi huku. Je, ndugu yetu hawezi kutumia dividii tupu ya gigabaiti 4.7 na kuipanga kwa AVCHD, mfumo wa kuhifadhi video ya ubora wa juu ambao deki nyingi za Blu-ray zinausoma?

Fundi wa Mkunazini

Deki nyingi zinausoma, si zote, na kwa dividii mfumo huo unataka usivuke megabiti 18 kwa sekunde. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni urefu. Ukigawa gigabaiti 4.7 kwa saa mbili na dakika ishirini unapata wastani wa megabiti 4.5 kwa sekunde, tena sauti ikiwemo. Kwa pazia na mwimbaji aliyekaa, ungeweza kuvumilia. Kwa akina mama wenye vimetameta, picha itavunjika miraba miraba. Kwa wimbo mmoja au miwili ningekubali. Kwa rikodi ya wazee, diski ya Blu-ray iagizwe Dar es Salaam au popote inapopatikana.

Hesabu ya diski ya gigabaiti 25 ni hii. Jumla ni wastani wa megabiti 23.8 kwa sekunde kwa muda wako. Toa 1.5 za sauti, acha nafasi ya vifungashio vya mkondo, ambavyo havionekani lakini vinakula sehemu yake, na ubakishe ukingo mtupu wa diski. Weka wastani wa video kilobiti 20000 kwa sekunde na usimbe kwa kupita mara mbili: mara ya kwanza programu inapima wapi pazito na wapi pepesi, mara ya pili inagawa biti kwa kufuata kipimo hicho. Itachukua muda mrefu, hasa kwa kompyuta ya kawaida, na umeme ukikatika katikati utaanza upya, basi ni vyema uifanye usiku ukiwa na betri ya akiba.

Mwana wa Wete

Nawashukuru sana, Fundi, Bibi na ndugu yangu wa Chake. Sasa nimefahamu kwamba matatizo yalikuwa matatu tofauti yaliyokutana katika diski moja. Faili la asili la kamera ninalo, na la mitambo pia, kwa hiyo nitaanza upya kutoka huko. Nimebakiwa na jambo la kupanga na kuchoma. Wazee pia wameomba maneno ya nyimbo yaonekane chini ya picha; nimeyaandika katika faili la kawaida la manukuu.

Fundi wa Mkunazini

Kwa kupanga, programu ya tsMuxeR, inayounganisha video na sauti, inatosha. Ipe video, ipe LPCM, uiambie itoe folda ya Blu-ray, na usisahau kuweka alama za kurukia mwanzoni mwa kila wimbo. Manukuu ya Blu-ray hayakai kama maandishi. Yanakaa kama picha ndogo ndogo zinazowekwa juu ya video, na tsMuxeR inaweza kukugeuzia faili lako kuwa hivyo. Faida yake ni kwamba deki haihitaji kuwa na herufi zako. Hasara ni kwamba kosa la tahajia likishaingia, litasahihishwa kwa kutengeneza upya, basi mpe mshairi mwenyewe ayasome kabla.

Ukimaliza utaona folda mbili, BDMV na CERTIFICATE. Zikae juu kabisa katika diski, si ndani ya folda nyengine. Wengi huziweka ndani ya folda yenye jina la shughuli na deki haizioni. Mfumo wa mafaili uwe UDF 2.50, ambao programu ya kuchomea ya ImgBurn inauweka, na diski ifungwe baada ya kuchomwa. Anza na diski ya kufutika, BD-RE, ujaribu katika deki zote mbili zilizoikataa ya kwanza, uruke moja kwa moja hadi pale penye kutunza. Pakipita hapo bila ya kukatika, choma mbili za BD-R, yaani zisizofutika, kwa kasi ndogo. Ya Maskati haihitaji hadhari ya mikoa ya Blu-ray, yaani kufuli linalozuia diski ya eneo moja isichezwe na deki ya eneo jengine, kwa sababu diski unayotengeneza mwenyewe haina kufuli hilo.

Bibi wa Mtoni

Na yale mafaili mawili ya asili, la kamera na la mitambo, yawekwe katika hadidiski mbili kwenye nyumba mbili tofauti. Nyimbo zikitakiwa kwa mfumo mwengine wowote baadaye, zitolewe huko na si katika Blu-ray.