Limfosaiti zimeshuka hadi 0.9, nilipie kipimo cha CD4 na CD19?

Njiapanda: Wakuu, naomba ushauri. Vidole vimevimba mikono yote miwili, asubuhi vinakaza zaidi ya saa nzima. Majibu ya damu (maelfu kwa mikrolita): seli nyeupe jumla 7.2, nyutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) 11.2, limfosaiti (seli nyeupe za kinga) 0.9. Nimesoma limfosaiti zikishuka ni lupasi (ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe). Nilipie hesabu ya CD4, CD8 na CD19 (aina za limfosaiti) nipate uhakika?

Darubini: Limfosaiti chini ya 1.0 zimo kwenye vigezo vya lupasi vya SLICC (kundi la watafiti wa lupasi) vya 2012, ila pale tu ambapo hakuna sababu nyingine, steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na kinga) zikiwemo. Unatumia dawa gani?

Njiapanda: Za maumivu tu.

Magoti: Mie ningeanza na maji ya goti. Seli nyeupe zikizidi 2,000 kwa mikrolita, kuna uvimbe wa kinga au fuwele; zikifika 50,000 tafuta bakteria siku hiyohiyo.

Njiapanda: Goti halijavimba, mkuu. Nimesema vidole.

Kikokotoo: Hii chai. Nyutrofili ni sehemu ya seli nyeupe, 11.2 itatokaje ndani ya 7.2? Watu wanaumwa kweli humu, wewe unatunga namba.

Njiapanda: Sijatunga! 7.2 ni ya karatasi ya kwanza. Hizo nyingine ni za karatasi ya pili, baada ya wiki moja ya prednisolone (steroidi) 20 mg kwa siku. Dawa zilikuwepo nyumbani. Nilikuwa nashindwa kufunga vifungo vya shati, ningesubiri nini? Na zimesaidia.

Mshauri: Dawa aliyoandikiwa mwingine si yako, hata ikisaidia.

Darubini: Kumbe. Prednisolone hubandua nyutrofili kwenye kuta za mishipa zikaingia kwenye mkondo, na limfosaiti huhama damu kwenda kwenye uboho, CD4 zaidi ya zote. Ukipima sasa utakuwa unaipima dawa. Hela hiyo iende kwenye RF na anti-CCP (kingamwili za baridi yabisi), CRP na ESR (vipimo vya uvimbe mwilini), ANA (kingamwili za lupasi) na protini ya mkojo. Anti-CCP haiyumbishwi na wiki moja ya steroidi. CRP inaweza kushuka ikakudanganya. Vigezo vya baridi yabisi vya ACR/EULAR (vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya) vya 2010 havina CD hata moja.

Njiapanda: Nimeshaweka nafasi ya kesho. Na nikiacha dawa vidole vitarudi.

Darubini: Ahirisha. Mwone daktari wa viungo na karatasi zote mbili, tarehe na dozi, yeye ndiye aamue kuacha au kushusha. Zikipita wiki 3 usikate ghafla, tezi za adrenali (zinazotengeneza steroidi za mwili) zinakuwa zimelala. Akitaka CD baadaye: chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), isiwekwe kwenye friji, na picha kamili ya damu kutoka mchomo huohuo. Ukirudia, iwe saa ileile, maana limfosaiti hupanda na kushuka kutwa nzima.