Korona ilitupiga sote sawa Mombasa, au ilitazama rangi?

Mama wa Kibokoni

Wana Mvita, hamjambo. Nalileta hili tulijadili, maana kila korona inapotajwa nasikia watu wakisema ugonjwa ule haukuchagua. Sawa, ugonjwa haukuchagua. Kafyu ilichagua, na mimi ni mmoja wa walioachiliwa wapite.

Ilikuwa Aprili 2020, kafyu ikianza saa moja jioni. Nilikuwa natoka Tudor kumuuguza mamangu, nikachelewa kutoka, na tuktuk ikasimamishwa njiani saa moja na dakika 20. Askari alinimulika tochi usoni, akaniona mweupe na buibui langu, akasema, "Mama, fanya haraka ufike nyumbani." Kisha akamgeukia dereva, kijana wa Kiduruma. Akamshusha, akampigisha magoti kwenye changarawe, akamtia rungu mbili za mgongo. Pesa za kutwa nzima zikamtoka mfukoni. Kosa lilikuwa moja, na aliyechelewesha safari ni mimi. Sikufungua mdomo. Kijana akanifikisha mpaka mlangoni, kimya, nami nikamlipa nauli ile ile tuliyopatana. Sikuongeza hata shilingi kumi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mwarabu, alitoka Hadhramaut, Yemen. Nimelelewa nikiambiwa kwamba watu wanatuheshimu kwa adabu zetu. Usiku ule hakuna aliyeniuliza adabu.

Na mambo haya ya maradhi na rangi hayakuanza juzi. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilitiwa moto. Baadaye, mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson akaletwa kuchunguza afya ya miji yetu ya Afrika Mashariki, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe, kila watu na mitaa yao. Wakoloni wameondoka, lakini ile ngazi waliyotupanga bado tunaipanda na kuishuka: Mzungu juu, Muhindi na Mwarabu katikati, Mmijikenda, kama yule kijana Mduruma, chini. Hiyo ndiyo hoja yangu. Anayepinga na apinge.

Mzee wa Changamwe

Binti yangu, umesema kwa uchungu na nimekusikia. Lakini napinga. Ile ilikuwa pesa, si rangi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, watu walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi pale kivukoni Likoni, na saa moja yenyewe haijafika. Walikuwa wakingoja feri warudi makwao, basi. Aliyepiga ni mweusi, aliyepigwa ni mweusi. Siku chache baadaye risasi ya askari ikamuua mtoto wa miaka 13 Nairobi, akiwa roshani ya kwao. Mweusi mwenye gari kubwa alikuwa akipita vizuizi bila hata kuteremsha kioo. Tukianza kuhesabiana weupe na weusi, wakubwa waliotoa amri zile watakaa pembeni wakitutazama tukigombana.

Mwana wa Mtongwe

Shikamoo mzee wangu. Nakubali pesa ilikuwepo, lakini nikuulize: kwa nini maskini wa pwani hii wana majina yanayofanana, yetu sisi Wamijikenda? Mwaka 1908 Mwingereza alileta sheria ya hati za ardhi hapa mwambao. Kila mtu aende adai chake, athibitishe. Aliyekuwa na karatasi, au aliyejua njia ya ofisini, akaandikishiwa. Wazee wetu ardhi yao ilikuwa ya ukoo, mipaka yao ni mibuyu na makaburi. Wengi wakaamka maskwota penye makaburi ya babu zao. Nyumba yetu sisi, kuta ni zetu, ardhi ina mwenyewe, na huyo mwenyewe hatujawahi kumuona.

Korona ilipokuja tukaambiwa tukae nyumbani na tunawe mikono. Maji tunanunua kwa mtungi. Ukipata mitungi miwili, unaamua: chakula kipikwe au mikono ioshwe. Na kazi iko ng'ambo ya kivuko, kwa hiyo unabanana kwenye feri asubuhi na jioni. Mzee, hiyo pesa unayoisema ina ukoo wake.

Jirani wa Kuze

Mama wa Kibokoni, wewe ni jirani yangu, nami leo nakushangaa. Upendeleo gani? Umesahau tarehe 6 Mei 2020? Mji wa Kale, mtaa wetu huu wenye Kibokoni na Kuze, ulifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na ni katikati ya Ramadhani. Idi tuliipokea ndani ya vizuizi. Mume wangu ana kibanda nje ya eneo, kikakaa siku 30 na kufuli. Sababu tuliyopewa ni kwamba hatujitokezi kupimwa. Ungejitokezaje, nawe umesikia kwamba waliopelekwa karantini walikuwa wakidaiwa shilingi 2,000 kwa siku? Na mitaa iliyofungwa siku ile ilikuwa miwili nchi nzima, wetu sisi Waarabu na Waswahili, na Eastleigh ya Wasomali kule Nairobi. Weupe wako huo huo ndio uliotufanya tuulizwe cheti cha babu tulipokwenda kutafuta kitambulisho.

Wa Bamburi

Mimi naongeza moja tu, maana nilikuwa mhudumu hotelini. Machi ile wageni walifuatwa na ndege maalumu za makwao; sisi tulipewa likizo bila mshahara. Mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza kutupa dozi 817,000 za chanjo, na kufika Septemba ikawa haitambui cheti cha aliyechanjwa Kenya. Chanjo ni ile ile, AstraZeneca. Mbele ya ubalozi, Mwarabu wa Kibokoni na Mdigo wa Mtongwe wote ni Waafrika.

Mama wa Kibokoni

Jirani, umenigusa. Siku zile 30 sikuzisahau, nami pia nilikatiwa kazi. Lakini zile mbili hazifutani. Serikali ilitufungia sisi kwa jina letu, na askari akaniachia mimi kwa ngozi yangu, ndani ya miezi miwili. Naweza kuwa nimedhulumiwa Mei na kupendelewa Aprili. Ninachokataa ni kuitumia dhuluma ya Mei kuificha ile ya Aprili, maana ndivyo tunavyofanya tunapokaa barazani: tunahesabu tuliyotendewa, hatuhesabu tuliyonufaika nayo.

Mzee wangu, kuhusu pesa: mimi na yule kijana sote tulikuwa ndani ya tuktuk moja. Mkobani nilikuwa na shilingi 400, na yeye alikuwa na zaidi yangu. Askari hakutuuliza nani anazo.

Wa Bamburi, ni kweli, London hatuna tofauti. Ila hatukai London.

Yule dereva nimemuona mara mbili tangu siku ile, karibu na Buxton, na mara zote nimegeuza uso. Sijui kama ananikumbuka. Wa Mtongwe, nakuuliza wewe kwa sababu umesema ukweli bila kunitukana: ingekuwa ni wewe, ungetaka nije nikwambie nini?