Raundi 1,000 zinatosha, kasema nani?

Wakuu, nina hasira na sina pa kuzipeleka, nivumilieni.

Kazi yangu ni kukadiria uwezekano wa zahanati kuishiwa dawa kabla mzigo mpya haujafika. Kompyuta inabahatisha idadi ya wagonjwa kila siku na siku ambazo gari litachelewa, inarudia tena na tena, halafu tunahesabu ni mara ngapi kabati limebaki tupu. Bosi anasema raundi 1,000 zinatosha. Kwa nini 1,000? "Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Jumatatu kabati likaisha mara 8, yaani asilimia 0.8. Jumanne, faili lilelile, sijagusa kitu: mara 14. Nikarudia mbele ya macho yake: mara 6. Eti mimi ndiye nimeharibu fomula!

Jamani, tukio lenyewe ni la nadra. Kama ukweli ni karibu asilimia 1, raundi 1,000 zitakupa jibu linaloyumba kuanzia 0.4 hadi 1.6 hivi. Ukitaka liyumbe kwa 0.1 tu juu na chini, andaa kama raundi 38,000. Si uchawi: 0.01 mara 0.99, gawa kwa idadi ya raundi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2 kasoro kidogo. Ndiyo maana kupunguza kosa kwa nusu kunadai raundi mara nne, na kulipunguza mara kumi kunadai mara mia. Unaanza na chache za kuonja, unaona uwezekano uko wapi, ndipo unapanga idadi. Kwenye kakompyuta kangu kachovu ni dakika 13. Chai na chapati moja!

Njia yenyewe inaitwa Monte Carlo, kama kasino ya Monaco. Bosi kaichukulia kamari kwelikweli.

Maana sikilizeni kilichonichoma: "Funga namba ya kuanzia, weka 42, jibu lisibadilike tena." Nikaweka, ikatoka 0.7, akachekelea. Ile namba ndiyo kompyuta inaanzia kubahatisha; ipo ili mwingine akirudia kazi yangu apate nilichopata, si ya kuficha kwamba jibu linayumba kama mlevi! Nikaweka 43 chinichini: 1.2.

Ripoti imeenda na 0.7, na jina langu liko juu. Nani humu ameshawahi kumbishia bosi wa hivi akabaki na kazi?